Mashine Mbili za Kijani

Virginie hakuwa mwanamke wa wivu. Ndivyo alivyokuwa akijisemea kwa miaka kumi na miwili ya ndoa, na hakukuwa na wa kumpinga, kwa sababu Paulin mume wake alikuwa fundi seremala mwenye unga wa mbao hadi masikioni, na hakuna mwanamke wa Butembo aliyekuwa akimtolea macho. Kisha Florentine akaja kukaa nao, na siku ya tatu akakunja mashati ya Paulin.

Aliyakunja vizuri mno, na hapo ndipo lilipokuwa kosa. Kola zimesimama, mikono imelala nyuma, vifungo vyote vimefungwa. Virginie aliyakuta mezani, akatazama kushoto na kulia, akayakunjua yote manne na kuyakunja upya kwa mtindo wake mwenyewe, ambao haukuwa mtindo wowote.

Florentine alikuwa mjane wa Abdias, mdogo wake Paulin. Abdias alikuwa dereva wa lori, akiishi Mangina na mke na watoto watatu. Mwishoni mwa mwaka 2002, vita vilipokuwa vikisukuma watu kutoka upande wa Mambasa, risasi ilimkuta akiwa kwenye usukani. Ilikuwa risasi ya nani, hakuna aliyejua; siku zile majeshi yalikuwa mengi na kila moja lilisema ni lile jingine. Florentine alitembea na watoto mpaka Beni, akapata gari la kumfikisha Butembo, akasimama mlangoni kwa shemeji yake na sufuria moja na mkeka. Virginie alimpokea kwa machozi ya kweli, tusimsingizie. Alimpa chumba cha nyuma, blanketi mbili na nusu ya mche wa sabuni. Machozi yalikuja kukaukia kwenye mashati.

Tangu hapo kila kitu kilimchoma. Watoto wa Abdias walikuwa wakimwita Paulin "papa mukubwa", kama ilivyo ada. Baada ya mwezi mmoja "mukubwa" ilipotea njiani, ikabaki "papa" peke yake. Florentine alipika sombe, majani ya muhogo, Paulin akaongeza sahani. Florentine alisugua viti vya sebuleni kwa maji ya sabuni, na mama mmoja wa kanisani akauliza kama ni vipya. Vipya! Viti ambavyo Virginie alikuwa amevisugua kwa miaka kumi na miwili bila mtu kuuliza chochote.

Lakini mashati, sombe na viti vilikuwa moshi tu. Moto wenyewe ulikuwa hapa: katika ukoo wa Paulin, kilio kilipomalizwa, wazee walikaa kuamua nani atamtunza mjane, na mara nyingi jibu lilikuwa kwamba ndugu wa marehemu amchukue awe mke wake. Mchungaji alikemea desturi hiyo kila mwaka. Wazee walimsikiliza kwa heshima, wakaimba wimbo wa mwisho, wakarudi nyumbani kufanya walivyofanya siku zote, hasa sasa ambapo vita vilikuwa vimezidisha wajane. Kulikuwa na kizuizi kimoja tu. Mke wa kwanza lazima amkaribishe mwenzake yeye mwenyewe, kwa neno au kwa tendo, mbele ya ukoo. Asipofanya hivyo, hakuna wa kumlazimisha, na ukoo ulipaswa kumpa mjane kitu cha kujilisha yeye na watoto wake.

Mzee Kitsa, baba mdogo wa Paulin, mtu mfupi mwenye sauti ya lori linalopanda mlima, alikuwa amekwisha kuja mara mbili kuuliza.

"Mama Virginie, unasema nini?"

"Miye sina neno, muzee."

"Bon. Tutangojea."

Na kweli Virginie hakuwa na neno. Alikuwa na koo lililojaa maneno, ila hakuna hata moja la kumwambia mzee.

Aliyeleta wokovu alikuwa Julie, mke wa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akifuata bidhaa Dubai. Julie alikaa kilimani, kwenye nyumba yenye jenereta lake kubwa na makochi meupe ambayo vumbi jekundu la Butembo lilikuwa likiyageuza rangi ya tofali. Ukiyaosha kwa sabuni, baridi ya mji haikuyaacha yakauke, yakaanza kunuka kama mbwa aliyenyeshewa. Siku moja Julie alileta meza kwa Paulin kutengenezwa mguu, akamwona Florentine akisugua kizingiti.

"Kule Dubai niliona mashini ya vapeur," alisema. "Inachemusha maji mu tumbo yake, inatoa mvuke mu mupira, buchafu inatoka, kiti inakauka mbele ya saa sita. Mais miye sitaki mashini, nataka mutu mwenye mashini. Akiwa nayo, atafanya salon yangu kila mwezi, na ya barafiki yangu yote bane."

Nyumba tano, kila mwezi! Paulin aliweka randa chini. Jumamosi iliyofuata alikwenda kwa wazee, na wazee wakakubali: mshahara wa mwisho wa Abdias, pamoja na mchango wa ndugu, ulikuwa dola mia na ishirini. Zinunuliwe mashine, Florentine afanye kazi, apangishe chumba chake, na habari iishe. Paulin alizileta nyumbani zimefungwa ndani ya leso, akamkabidhi Virginie.

"Weye njo utaenda Beni kuchagua. Miye nikienda na Florentine, batu batasema. Nikienda peke yangu, weye utasema."

Alimjua mke wake. Virginie alipanda gari la Beni siku ya Alhamisi akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu mwaka uanze. Mashine nzuri ilikuwa na maana ya Florentine kutoka chumba cha nyuma. Angemchagulia iliyo nzuri kuliko zote, kwa moyo mweupe.

Moyo mweupe ulifika naye mpaka Beni. Alivua sweta kwa joto la kule, akapita mbele ya wanajeshi waliokuwa wakisikiliza ndombolo kwenye redio ya betri, akauliza njia mpaka bohari la Gérard, nyuma ya soko. Gérard alikuwa akiuza vitu vya mtumba vilivyopitia Kampala: friji, pasi, cherehani, vyerehani vya nusu, na vitu ambavyo yeye mwenyewe hakujua vinafanya nini. Mashine za mvuke alikuwa nazo za aina tatu, na alizipanga sakafuni mbele ya Virginie.

Ya kwanza ilikuwa kubwa, tangi la chuma, magurudumu manne, mpira mrefu na brashi sita kwenye mfuko wake. Bei dola mia na kumi. Ya pili ilikuwa ya kadiri, lakini mpira wake ulikuwa umepasuka na kufungwa kwa utepe. Ya tatu ilikuwa ndogo, ya plastiki ya kijani, yenye pua kama birika. Dola sitini.

"Unapima namna gani?" Virginie aliuliza. Hakutaka aonekane mshamba.

"Bintu bitatu, mama. Tangi inashika maji ngapi, mvuke inatoka na nguvu gani, na mupira inafika wapi. Hii kubwa inaomba groupe, jenereta ya nguvu, mais kwa batajiri groupe iko. Itapasha robo saa, kisha itakutumikia nusu saa bila kusimama. Ile ya kidogo ni ya kupangusa dirisha na kola ya shati. Kochi? Godoro? Haiwezi. Dakika tano maji imeisha, tena inatema maji ya moto."

Kisha, ili asiwe mtu wa maneno tu, aliwasha jenereta, akajaza tangi la ile kubwa, akangoja, akavuta mbele kiti cha zamani kilichokuwa cheusi kwa mafuta ya vichwa vya watu. Alipobonyeza, mvuke ulitoka ukilia. Akapitisha brashi mara moja, akafuta kwa kitambaa, na katikati ya ule weusi ukatokea mstari wa maua ya bluu. Kiti kilikuwa na maua! Hata Gérard hakuwa akijua.

Virginie angepaswa kufurahi, maana hicho ndicho alichokifuata. Badala yake aliona, waziwazi kama yuko pale, Florentine akiingia kwa Julie na mashine ile, ikimfuata kwa magurudumu yake kama mbuzi mtiifu. Aliwaona wake za matajiri wakimwita kwa jina, wakimpa chai kwenye vikombe vyenye visahani. Akajiona yeye mwenyewe, mke wa Paulin, kiongozi wa kwaya ya akina mama, amebaki na ufagio na ndoo. Miaka kumi na miwili! Nani aliyewahi kumnunulia yeye kitu chenye magurudumu?

Wivu ulimpanda kutoka tumboni mpaka kwenye macho. Uliujua ukweli wote, wivu ule: ulijua kwamba mashine kubwa ndiyo ingemwondoa Florentine. Na bado ulikataa.

"Za kidogo uko nazo ngapi?" aliuliza.

"Mbili. Mais, mama, nimekuambia..."

"Zinafanana?"

"Sawasawa."

Mbili kwa sitini, mia na ishirini. Ilikuwa kana kwamba Mungu mwenyewe alikuwa ameandika hesabu ile. Moja ya Florentine, moja yake. Kulikuwa na ubaya gani? Baba yake Virginie alikuwa na wake wawili, na kila alipotoka sokoni alileta viwili vya kila kitu: leso mbili, sahani mbili, taa mbili, rangi moja na ukubwa mmoja, akaviweka mezani wazi ili kila mke aone kwamba hakupunjwa. Mama yake Virginie alikuwa akipima leso yake kwa ile ya mwenzake, ncha kwa ncha, kabla ya kusema asante. Kwa Virginie haki ilikuwa na sura hiyo tangu utoto: vitu viwili vinavyofanana. Alilipa. Gérard alitikisa kichwa, akamfungia zote mbili ndani ya kitenge kimoja.

Mpango wake ulikuwa rahisi. Angeshuka kabla ya nyumbani, angeificha yake kwa jirani, angempa Florentine ya kwake na kusema kwamba Beni hazikuwepo nyingine. Lakini gari lilikwama kwenye kizuizi, wanajeshi wakatafuta kwenye magunia kitu ambacho hawakukipata, wakaanza upya, na abiria wakalala pale pale. Virginie alipofika Butembo siku ya pili mchana, mbuzi wa kumaliza kilio cha Abdias, kilichopangwa kumalizwa siku hiyo, alikuwa amekwisha kuchinjwa, ukoo wote ulikuwa umejaa sebuleni kwake, na Paulin alikuwa akimngoja barabarani. Alimtua mzigo kichwani kabla hajafungua mdomo, akaingia nao ndani kama mtu aliyebeba keki ya harusi.

"Amefika! Mashini ya Florentine iko hapa!"

Akafungua kitenge mbele ya watu kumi na wanane. Akatoa moja ya kijani, akaiweka mezani. Akatia mkono tena, akatoa nyingine ya kijani, akaiweka kando ya ile ya kwanza. Kisha akasimama hivyo hivyo, mkono hewani.

"Mbili?" aliuliza Mzee Kitsa.

"Mbili, muzee," alisema Virginie.

"Moja ya Florentine. Na hii ingine?"

Uongo ungemfaa sana wakati ule, lakini barabara ya Beni ilikuwa imemmaliza. "Yangu," alisema.

Kisha shangazi mmoja pembeni akapiga kigelegele, na mwingine akamjibu, na Mzee Kitsa akasimama, uso wake umechangamka kuliko alivyochangamkia mbuzi.

"Familia, munaona? Tulikuwa tunangojea neno, ye amefanya tendo! Mutu akiingiza mu nyumba bitu mbili bya kufanana, rangi moja, bukubwa moja, ni kusema mu nyumba ile kuko bibi babili. Baba yake alikuwa mutu wa bibi babili, anajua desturi. Mama Virginie amemukaribisha mwenzake!"

Virginie aliziangalia zile mashine, pua zake mbili za kijani zimeelekezana, na akaziona leso za mama yake. Mambo aliyoyaogopa kwa miezi mitano, yeye mwenyewe alikuwa ameyalipia nauli mpaka Beni na kuyabeba kichwani mpaka mezani.

Angeweza kukataa. Lakini kukataa kulidai aeleze kwa nini zilikuwa mbili, na maelezo yalikuwa mabaya kuliko kitu chochote: kwamba alichukua fedha za marehemu, chakula cha yatima, akazikata katikati ili naye apate kitu. Jambo kama hilo halisahauliki Butembo. Wangemwonyesha kidole kanisani, wangemvua uongozi wa kwaya, wangewasimulia siku moja hata wakwe wa watoto wake. Alimgeukia Paulin, akingoja aseme hapana. Paulin hakusema hapana. Alikuwa akiangalia viatu vyake.

Mbona hasemi? Mbona ananyamaza, mwanaume huyu? Hapo wivu uliomfikisha pale ukampanda tena, mara hii mkubwa kuliko aibu, na kwa bahati yake ulimtangulia mdomoni.

"Hapana!" alipiga kelele. "Miye sikukaribisha mutu! Makuta, zile dola, ilikuwa ya mashini moja, ile kubwa ya chuma. Ilikuwa pale, niliiona na macho. Nilisikia wivu. Nilisema, Florentine atapata kitu ya muzuri vile, na miye? Njo nikanunua hizi mbili za bure, moja yangu, moja yake. Haziwezi hata kusafisha kochi. Muniite mwizi kama munataka. Mais bwana yangu ni wangu peke yangu!"

Kigelegele cha pili kilikatikia njiani. Mzee Kitsa alikaa chini polepole.

"Umekula makuta ya marehemu?"

"Nusu, muzee."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Florentine, aliyekuwa amekaa mkekani karibu na mlango, ndiye aliyesimama. Virginie alijikaza kupokea matusi, maana yalikuwa haki yake.

"Familia, na miye hapana mumeniuliza," alisema Florentine. "Paulin ni mutu muzuri. Mais miye simutaki. Nilitaka kazi, nilishe batoto ya Abdias. Yaya Virginie, dada yangu mukubwa, kama ungeniuliza siku ya kwanza, ningekuambia."

Palikuwa pa kushukuru Mungu, na Virginie alishukuru, pengine kwa muda wa kupumua mara mbili. Kisha kitu kikamchoma upya. Simutaki? Kwa nini hamtaki? Ana kasoro gani mume wangu, hata mjane mwenye watoto watatu anamkataa mbele ya watu? Alifungua mdomo kumtetea, akakumbuka mahali alipo, akaufunga.

Wazee walitoa hukumu kabla nyama haijaiva. Virginie hatakula mbuzi ule. Atarudi Beni siku ya Jumatatu, atabadilisha mashine, na kitakachopungua atakitoa kwake. Alikaa jikoni akiipakulia nyama midomo ya wengine, na hakuna aliyemwonea huruma isipokuwa Florentine, aliyempitishia mfupa chini ya jani la ndizi. Virginie alimchukia kwa hilo pia, akautafuna mpaka mwisho.

Gérard alizipokea zile mbili kwa hasara, akisema "Nilikuambia" mara tatu. Virginie aliongezea kitenge chake cha harusi, kile cha ndege wa manjano, ambacho alikuwa akikivaa Krismasi tu. Alirudi na ile kubwa ya chuma miguuni pake, akiilinda njia nzima dhidi ya watu wenye mikoba. Baada ya miezi miwili Florentine alikuwa amepangisha chumba karibu na kanisa. Makochi ya Julie yalikuwa meupe tena, na mashine ilimfuata Florentine kwa magurudumu yake barabarani, sawasawa na vile Virginie alivyokuwa ameiona.

Asubuhi moja alikuja nayo kwa Virginie, bila kuitwa. Jirani mwenye kinu alikuwa amewasha dinamo, akawapa waya. Florentine alisafisha viti vyote sita, na kwa kila kiti kitambaa kilitoka cheusi. Virginie alitazama weusi ule, uchafu wa miaka kumi na miwili ya kusugua kwake, akaomba kimya kimya Julie asisikie. Paulin alipita mlangoni akiwa na ubao begani.

"Inang'aa," alisema.

"Ni mashini," alisema Virginie haraka. "Mutu yeyote anaweza na mashini ile."

Florentine alikunja mpira wake, vizuri, kama alivyokunja kila kitu, akaaga na kwenda. Virginie alibaki amesimama katikati ya viti vyenye unyevu. Kulikuwa na jambo alilokuwa amelibeba tangu siku ya mbuzi, na hakuweza kulibeba tena.

"Paulin. Siku ile ulitoa zile mashini mbili. Ulinyamaza. Ulikuwa unamutaka?"

Paulin aliutua ubao ukutani. Alichukua muda mrefu kupangusa unga wa mbao mikononi.

"Muzee alisema umemukaribisha," alisema. "Nilifikiri umenichoka. Nilikuwa nawaza nimekukosea wapi."

Virginie alivuta kiti kilichokuwa karibu, akakaa, na kiti kilikuwa bado hakijakauka.